Bendi ya Mume wa Mtangazaji

"Kwa hiyo na leo hukuipiga albamu yetu?"

Mtangazaji hakuwa hata amevua viatu. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, alisimama mlangoni na ovaroli yake ya kuchomelea, macho mekundu kama mtu aliyekatiwa vitunguu usoni.

"Niache nipumue kwanza, mume wangu."

"Mwaka mzima unapumua. Kila Jumamosi unawatambulisha watu bendi ambazo hata mama zao hawazijui. Yetu ina kasoro gani?"

"Watasema nambeba mume wangu."

"Hiyo sababu ya redioni. Mimi nataka ya humu ndani. Albamu umeisikiliza?"

Mtangazaji akainama kuvua viatu.

"Nyimbo mbili," akasema. "Nikaizima. Niliogopa. Ningeikuta mbaya ningekuambia nini, na uso huo unaorudi nao jioni?"

"Ungeniambia mbaya."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Walikuwa wamechoka wote wawili: yeye kwa mageti ya watu mchana na mazoezi ya bendi jioni, mkewe kwa kuchangamka redioni hadi akifika nyumbani maneno yamemwishia. Fundi akatia nguo mbili tatu kwenye begi, akaenda kwa dada yake. Gitaa akaliacha.

Kesho yake simu ikaita. Mpiga ngoma wa bendi.

"Shemeji, kuna nini huko? Jamaa katuambia bendi basi, kila mtu achukue chombo chake."

"Amesema kwa hasira?"

"Angekasirika ningelala usingizi. Amesema taratibu, kama mtu anayeagiza chai."

Alipokata simu, Mtangazaji akaifungulia albamu, akaanza kukunja nguo. Wimbo wa kwanza ulimpita tu. Wa pili, makelele. Wa tatu ukamkalisha kitandani, shati la mumewe mapajani. Gitaa lilikwaruza polepole, besi ikilifuata chini kwa chini, na sauti ya Fundi, ile ya asubuhi kabla hajanawa uso, ikaimba habari za mtu anayefunga geti kwenye nyumba ambayo hataingia tena. Miaka yote ya ndoa Fundi hakuwahi kumwambia kwamba jambo hilo linamuuma.

Akaurudisha mwanzo. Akaurudisha tena.

Jumamosi mchana akavuta kipaza sauti.

"Leo nina bendi ya watu wanne wanaopiga roki. Wanaitwa Kutu na Rangi, na albamu yao inaitwa *Viti vya Kuazima*. Kabla hujaniuliza: ndiyo, anayeimba ni mume wangu. Na tumekosana, kwa hiyo leo simbembelezi mtu. Wimbo wa kwanza ni mbovu, uruke. Wa pili, ngoma zinamkimbiza mwimbaji. Anzia wa tatu. Hapo vuta kiti. Ni muziki wa mtu aliyetoka kazini, amekaa, hataki kuulizwa kitu. Gitaa halijionyeshi, na sauti haiombi huruma. Naishi na mtu huyu, lakini hapo ndipo nilipomsikia. Itafuteni. Isikilizeni mkiwa mmechoka."

Bosi wake alimtolea macho nyuma ya kioo. Yeye akaupiga wimbo wote, bila kuingilia katikati.

Kabla haujaisha, ujumbe wa Fundi ukaingia.

"Umesema wimbo wa kwanza mbovu."

"Ni mbovu."

"Nimewaambia wenzangu tangu siku tunaurekodi. Hawasikii. Na ngoma zinakimbia kweli?"

"Sana."

"Usimrudie mpiga ngoma hayo. Atasusa."

Baada ya kipindi dada yake Fundi akapiga simu.

"Wifi, njoo umchukue mtu wako! Tangu aje anaangalia ukuta hadi ukuta unaona aibu. Saa hizi analia jikoni kwangu, eti moshi. Wifi, mimi napikia umeme!"

Mtangazaji alimkuta mumewe jikoni kwenye kigoda, kavaa soksi moja.

"Ulisema hapo ndipo uliponisikia," Fundi akasema bila kumtazama. "Mbona mimi naongea kila siku?"

"Unasema umechoka. Na mimi nakujibu, hata mimi. Tunazima taa."

Fundi akacheka kidogo, kwa pua.

"Iliniuma, uliposema mbovu. Watu wote wanasikia."

"Najua. Nisamehe kwa hilo."

"Ila ungesifu yote, ningejua hata wa tatu umenidanganya." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na wa saba je?"

"Sijafika. Nimekwama wa tatu."

Wakahamia sebuleni, kwenye kochi la dada mtu, kila mmoja na kisikilizio kimoja sikioni. Wakaanzia wa nne. Fundi alimchungulia usoni kama mgonjwa anayesubiri majibu ya daktari. Katikati ya wa tano mkewe akakunja uso.

"Mbaya?"

"Nyamaza basi, nasikiliza."

Akanyamaza, akamwegemea. Wa saba haukuwakuta macho. Walikuwa wamesinzia mchana kweupe, vichwa vimegusana, Mtangazaji na viatu vyake miguuni.

Simu ya Fundi ikaita. Mpiga ngoma. Dada mtu akaipokea haraka, akanong'ona:

"Bendi ipo. Imelala. Piga kesho."