Gari Lililokwenda Dar

Kila Jumamosi Kemilembe aliamka mapema, akafagia uwanja wa nyumba yao ya Mkuyuni, kisha akaosha gari la baba yake mdogo, Mutayoba. Lilikuwa gari la mtumba kutoka Japani, lisilo na klachi, nalo lilibembelezwa kuliko mtoto yeyote wa nyumba ile.

"Osha nje tu," Mutayoba alimwonya kila mara. "Ndani usiguse kitu!"

Lakini Jumamosi hii mlango haukufungwa, ufunguo ulisahaulika mahali pake, na masikio ya Kemilembe yalikuwa yameenda likizo. Aliketi penye usukani, akasoma herufi za pembeni ya gia kwa akili yake mwenyewe. P ni Polepole, R ni Rudi, N ni Nenda. D je? Bila shaka ni Dar es Salaam! Akakanyaga breki, akavuta gia mpaka D, akapita Shinyanga na Dodoma kwa kunguruma mdomoni, mara akaitwa kunywa uji. Gari akaliacha hukohuko Dar.

Saa nne, shangazi Teodora alitoka amevaa shela. Ilikuwa siku ya harusi yake. Mutayoba akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena huku akinong'ona sala. Kimya. Fundi Masalu akaitwa mbio.

"Piga honi," Masalu alisema. Honi ikalia, kuku wakatawanyika. "Washa taa." Zikawaka vizuri. "Betri ni nzima. Stata ya kuwashia injini ndiyo haipati umeme. Tutafute taratibu."

"Taratibu, na padri anasubiri?" alifoka jirani yao Nestory, waya tayari mkononi. "Tupige shoti, tuunganishe betri na stata moja kwa moja, kama kwenye lori langu!"

"Lori lako halina kompyuta. Hili ukilipiga shoti ovyo, utaiunguza."

Mutayoba alimtazama dada yake, aliyekuwa akifuta machozi kwa shela. "Piga tu shoti," akasema kwa uchungu.

Kemilembe aliogopa sana. Akisema, huenda atanyang'anywa kazi ya kubeba maua kanisani. Asiposema, gari litaungua.

"Baba mdogo, gari si bovu!" akapaza sauti. "Liko Dar!"

Nestory alidhani mtoto ameshikwa na malaria. Kemilembe akaeleza yote, tangu Polepole hadi Dar, huku akilia. Masalu akachungulia ndani, akacheka mpaka akaegemea gari.

"Gari hili haliwaki likiwa kwenye D. Lirudishe kwenye P, ya kuegesha."

Mutayoba akarudisha gia, akazungusha ufunguo. Gari likawaka papo hapo! Shangazi Teodora akapiga kigelegele mwenyewe, bila kungoja wageni.

"Nisamehe, baba mdogo," Kemilembe alisema. "Maua atabeba nani?"

"Utabeba wewe," Mutayoba alijibu, "lakini utakaa nyuma, mikono juu ya maua."

Nestory akakunja waya wake, naye Masalu akamgeukia Kemilembe. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi hupima betri na nyaya, lakini kilicho moyoni mwa mtu sina kifaa cha kukipima. Ukikosea, sema mapema, kabla watu hawajaunguza kizima wakitafuta kibovu."