Kuni Nzito za Bi Mikate

Moshi ulijaa jikoni. Bi Mikate alipuliza moto mpaka mashavu yakamuuma. Akafungua tanuri. Mikate ilikuwa myeupe, na katikati bado ni donge bichi.

"Mpishi wa shule amesema kesho ndiyo mwisho," alisema mumewe. "Tukimpelekea mibichi tena, anatafuta mwokaji mwingine. Watoto wetu watakula nini?"

"Unaniuliza mimi? Kuni si ulizipakia wewe?"

"Ulizichagua wewe! Nzito nzito!"

Kweli, alizichagua yeye. Kwao kuni huuzwa kwa tita. Tita ni bei moja, liwe zito au jepesi, basi kila mtu hukimbilia zito. Hapa walipohamia, kuni hupimwa kwenye mizani. Bi Mikate alichagua vilevile alivyozoea. Masikini, mazoea yana tabu!

Kelele zao zilimleta jirani, mfinyanzi, ambaye huchoma vyungu vyake kwa kuni. Alishika ukuni mmoja, akaguna.

"Shoga, umeuziwa maji! Ukuni mbichi umejaa maji. Mizani haichagui, inapima uzito tu. Unayalipia, kisha moto wako unahangaika kuyakausha. Ndiyo maana moshi tele, joto hakuna."

"Sasa kavu nitazijuaje?"

"Tazama ncha. Ukuni mkavu una nyufa. Halafu gonganisha mbili. Kavu hulia ko! Mbichi hulia du! Wakiuza kwa tita, fungua kamba utazame katikati. Wakiuza kwa lundo, angalia mianya, maana pengo haliwaki. Na hizi mbichi usitupe. Zipange juu ya mawe, chini ya paa, upepo upite. Zitakauka."

Bi Mikate hakungoja. Alimkuta muuza kuni anakaribia kufunga, tena ameshapakia kuni mbichi kwenye mizani.

"Hapana, nachagua mwenyewe." Akagonga. Du. Akaweka kando. Du. Ko!

"We mama! Hapa si ngomani! Kuni ni kuni. Chukua au ondoka!"

Watu waligeuka. Bi Mikate akifukuzwa hapa, kesho hana moto, na shule ndiyo basi tena. Aliogopa kwelikweli, lakini akasema:

"Nimekuja kununua kuni, kaka. Maji ninayo nyumbani."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mama mmoja akagonganisha kuni zake. Du! "Lo! Na mimi nibadilishie!"

Muuza kuni alikunja uso, akasogea pembeni. "Haya, chagueni."

Kwa kilo zilezile, safari hii mkokoteni ulijaa pomoni.

Asubuhi mpishi wa shule alikata mkate katikati, akaunusa, akatafuna polepole.

"Huu umeiva," alisema mpishi. "Kesho lete kama huu, na uongeze."

Mume alishika mkokoteni palepale. "Nakwenda kuongeza kuni."

"Ngoja! Usisahau kuzigonga!"

"Nimesikia, mke wangu. Mtaa mzima umesikia!"