Maji Moto wa Mikorosho ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Neusa alikuwa na kazi mbili: kuteka maji kisimani na kufagia majani chini ya mikorosho iliyokuwa karibu na nyumba. Ya kwanza aliifanya chapuchapu. Ya pili ilimchukua muda, maana huyu binti akiona mdudu anasimama, akiona uyoga anainama, na akiona jani limejikunja lazima alikunjue ajue ndani anaishi nani. Mama yake alishazoea kumpigia kelele kutoka jikoni, "We Neusa, unafagia au unasoma gazeti?"

Walikaa katika kitongoji kimoja cha Mpapura, mkoani Mtwara. Baba yake, Mzee Jasinto, alikuwa na mikorosho ishirini na minane aliyorithi kwa babu yake, ambaye alivuka mto Ruvuma akitokea Msumbiji akiwa kijana. Mikorosho hiyo ndiyo iliyowalisha, ikawavisha, na ikamnunulia Neusa sare ya darasa la sita. Mzee Jasinto aliijua mmoja mmoja. Kuna uliozaa sana, kuna mvivu, na kuna mmoja aliouita Bibi Harusi kwa jinsi ulivyojaa maua.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Neusa aliinua macho kutoka kwenye ufagio, akaona jambo. Machipukizi ya Bibi Harusi, yale majani mapya laini ya mwisho wa tawi, yalikuwa na madoa meusi. Mengine yalikuwa yamekauka na kujikunja kabisa. Akaenda mti wa pili, akaona yale yale. Wa tatu, vivyo hivyo.

"Baba! Njoo uone!"

Mzee Jasinto alikuja mbio, mswaki wa mti ungali mdomoni. Alivunja chipukizi moja, akalinusa, akalifikicha. Machipukizi hayo ndiyo hutoa maua, na maua ndiyo hutoa korosho. Uso wake ukabadilika.

"Hii imeunguzwa," alisema. "Na aliyeunguza namjua."

Ng'ambo ya mpaka wa shamba, jirani yao Mwalimu Dickson alikuwa na mashine mgongoni, anapuliza salfa kwenye mikorosho yake. Vumbi la manjano lilipanda hewani, upepo ukalisukuma taratibu kuja upande wao.

"Mwalimu!" Mzee Jasinto alipaza sauti. "Salfa yako inaniunguzia shamba!"

Mwalimu Dickson alizima mashine. Alikuwa mpole, mzaliwa wa Dodoma, aliyehamishiwa shule ya pale miaka saba iliyopita. "Mzee Jasinto, shikamoo. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa maua. Hata wewe huwa unapuliza. Mbona yangu haijaungua?"

"Kwa sababu upepo unaleta kwangu! Usinifundishe korosho, wewe mgeni. Ijumaa tutakutana ofisi ya kijiji, na nitaomba upigwe marufuku kupuliza hapa!"

Lo! Hilo lilikuwa jambo zito. Bila salfa, maua ya Mwalimu yangevamiwa na ubwiriunga, na shamba lake lote lingekuwa kuni tu. Lakini Mzee Jasinto hakuishia hapo. Aligeuka akamwambia Neusa, "Na wewe nisikuone tena na yule binti yake."

Binti mwenyewe aliitwa Happiness. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Neusa alikwenda shule, lakini kilichomjaa moyoni hakikuwa hasira. Ilikuwa hofu. Kulikuwa na kitu alichokifanya mwezi wa kumi na moja mwaka uliopita, na hakuna aliyekijua.

Kwenye mikorosho yao waliishi maji moto. Hawa ni sisimizi wakubwa wekundu wanaoshona majani mabichi kuwa viota huko juu matawini. Wakikuuma, unaruka utadhani umemwagiwa chai jikoni. Wakati wa mavuno, Neusa alipokuwa akiokota korosho na mabibo chini ya miti, walimwangukia shingoni, wakamwingia hadi ndani ya nguo. Siku moja walimuuma kope, jicho likavimba, na darasani wakamcheka wiki nzima. Basi uzalendo ukamshinda. Wazazi walipokwenda msibani kijiji cha Ziwani, alifunga makumbi ya nazi kwenye upondo mrefu, akayawasha moto, akaunguza kiota kimoja baada ya kingine.

Baba aliporudi alishangaa. "Ee, maji moto wamehama wenyewe mwaka huu! Tutaokota kwa raha." Neusa alitabasamu tu. Lakini mtenda hutenda akasahau. Leo, kwa kuyaona yale machipukizi meusi, kumbukumbu ilirudi yote. Je, inawezekana wadudu wa kuudhi namna ile walikuwa na kazi?

Hakujua. Na kwa Neusa, kutojua ni kama mchanga ndani ya kiatu.

Jioni alizunguka shamba zima. Kwenye kona ya mbali, mti mmoja mrefu ulikuwa na machipukizi ya kijani, yanang'aa. Aliutazama sana. Kisha akakumbuka: huo ndio mti pekee ambao upondo haukuufikia. Viota vitatu vilikuwa bado huko juu.

Kesho yake darasani, baba hayupo na dawati ni lile lile, alimnong'oneza Happiness, "Mikorosho yenu yote ina maji moto?"

"Karibu yote. Miwili ya karibu na choo haina. Kwani vipi?"

"Nisaidie. Kila mti, chagua machipukizi kumi bila kubagua, hesabu meusi ni mangapi. Andika na kama mti una viota au hauna."

Happiness alimkazia macho. "Baba yako anampeleka baba yangu ofisini, na wewe unanipa kazi ya hesabu?"

"Ndiyo. Ili asimpeleke."

Happiness alihesabu. Neusa naye alihesabu upande wa kwao, shingo ikamuuma kwa kutazama juu. Siku iliyofuata wakati wa mapumziko waliandika hesabu zao kwenye daftari la Neusa, kila mmoja zake. Miti yenye maji moto ilikuwa na chipukizi moja jeusi katika kumi, au hakuna kabisa. Miti isiyo nao ilikuwa na saba, nane, mpaka tisa. Na ile miwili ya karibu na choo, iliyo mbali na mpaka, ilikuwa imeharibika vile vile. Ile iliyopulizwa salfa nyingi kuliko yote, lakini yenye viota, ilikuwa mizima kabisa.

"Basi si salfa," alisema Happiness polepole.

"Si salfa," Neusa aliitikia. "Lakini ni nini kinachokula?"

Jibu alilipata jioni ile kwenye mti wa kona. Alikaa kwenye panda la mti wa pembeni yake, akatulia. Mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu kama mbu alitua kwenye chipukizi, akachomeka mdomo, akaanza kunyonya. Kabla hajamaliza, maji moto watatu walimrukia. Mmoja alikamata mguu huku, mwingine kule, wakamtanua kama watu wanaokunja shuka, wakamburuta hadi kiotani. Neusa alipiga makofi peke yake huko juu, karibu aanguke. Halafu furaha ikamwishia. Kama hawa ndio walinzi, basi aliyefukuza walinzi ni yeye.

Ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa uani akinoa panga, shati lake la kuvaa ofisini limeanikwa kwenye kamba.

"Baba, naomba kusema."

"Sema."

"Maji moto hawakuhama. Niliwachoma mimi, siku mlipokwenda Ziwani. Niliogopa kusema. Na sasa nimehesabu, Baba, nimeona kwa macho yangu. Mdudu anayekausha machipukizi ndiye chakula chao." Alimpa daftari.

Mzee Jasinto alisoma. Akafungua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza. Neusa alisubiri fimbo. Baba alisema tu, "Mwandiko wa pili huu wa nani?"

"Wa Happiness."

Aliingia ndani na daftari. Hakula chakula cha jioni.

Ijumaa watu walijaa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Bi Rozalia, alikuwa amemwita pia afisa ugani, Bi Irene, ambaye alifika kwa pikipiki akiwa tayari ameyakagua mashamba yote mawili. Mzee Jasinto aliitwa aseme kwanza. Alisimama, akakohoa.

"Nilikuja kushtaki," alisema. "Sasa sina mashtaka. Nimemkosea Mwalimu." Akaweka daftari mezani. "Binti yangu aeleze."

Neusa alieleza yote, hata makumbi na upondo, hata jicho lililovimba. Watu wengine walicheka, wengine wakaguna. Mzee mmoja nyuma alisema, "Mbona sisi sote huwachoma!" Watu wakatazamana, maana ilikuwa kweli.

Bi Irene alilipitia daftari kwa makini. "Huyo mdudu anaitwa mbu wa mikorosho," alisema. "Nami nimemwona jana. Lakini mtoto asibebeshwe mzigo wote. Mvua mwaka huu zimechelewa kukatika, miti ikatoa machipukizi laini mengi kuliko kawaida, kwa hiyo mbu wamepata karamu. Halafu, Mzee Jasinto, pale pembeni palikuwa na kichaka, sivyo?"

"Nilikifyeka. Nimepanda ufuta."

"Ndicho kilichokuwa na viota vya akiba. Wakichomwa mtini, wangerudi kutokea kichakani. Sasa wangetokea wapi? Mvua, panga na moto vimeshikana mikono."

Bi Rozalia alimgeukia Mzee Jasinto, macho yakicheka. "Na neno mgeni tulifute leo. Babu yako alivuka Ruvuma na mtumbwi wa kuazima, kijiji kizima kinajua."

Watu waliangua kicheko. Mzee Jasinto naye alicheka, akampa mkono Mwalimu Dickson. "Nisamehe, jirani."

"Yamekwisha," alisema Mwalimu. "Njoo uchukue viota kwangu. Ninavyo vingi, nina mpaka vya kuniuma."

Kumbe kuhamisha maji moto si kama kuhamisha kuku. Jumamosi alfajiri, wadudu wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, Neusa na Happiness walijipaka majivu mikononi na miguuni kama Mwalimu alivyowaonyesha, ili wasiumwe sana. Walikata viota viwili kutoka miti miwili ya Mwalimu, wakavitia kwenye kiroba, wakavifunga kwenye Bibi Harusi. Jua lilipopanda, ikawa vita. Maji moto wa kiota hiki waliwakata wa kiota kile, na chini ya mti pakajaa maiti.

"Wana nini hawa?" Neusa aliuliza, machozi yakimlenga. "Si wote maji moto?"

"Hebu tuwafuatilie kwao," alisema Happiness.

Siku mbili walifuatilia misafara yao juu ya matawi na ardhini. Wakagundua kwamba miti mitano ya Mwalimu ilikuwa milki moja. Wadudu wake walipishana bila ugomvi. Ukimchukua mmoja wa hapo ukamweka mti wa sita, anashambuliwa papo hapo. Bi Irene alipoulizwa kwa simu alieleza kuwa kila milki ina malkia wake mmoja, na mgeni hujulikana kwa harufu. Wakarudia kazi upya, safari hii viota kumi vya milki moja tu. Mzee Jasinto akafunga kamba za katani kutoka mti hadi mti, ziwe madaraja. Asubuhi ya pili, Neusa alikuta msafara mwekundu unavuka juu ya kamba, mstari mmoja, bila haraka, kama wanafunzi wanaoingia darasani.

Machipukizi yaliyokwisha kufa hayakufufuka. Korosho za mwaka ule zilikuwa pungufu, na Januari Neusa alirudi shule na sare ya zamani iliyoshonwa kiraka begani. Hakulalamika. Lakini matawi yaliyochelewa kuchipua yalichipua kijani, na mwezi wa tisa wa mwaka ule ule Bibi Harusi ulivaa maua tena, ingawa si shela nzima. Pembeni ya ufuta, baba aliacha ukanda wa kichaka ujiotee, akamkataza kila mtu kuugusa.

Siku ya kwanza ya kuokota, familia zote mbili zilikuwa chini ya mikorosho, zimejipaka majivu mpaka magotini. Maji moto mmoja alimwangukia Mzee Jasinto sikioni. Aliruka, akapiga yowe, akanyanyua mkono amponde. Kisha akasita, akamchukua taratibu kwa jani, akamrudisha kwenye shina.

Neusa alicheka hadi akakaa chini. "Baba, umemwonea huruma?"

"Namwogopa dada yako mwenye daftari," baba alimwambia yule mdudu, kisha akakaa karibu na binti yake akilisugua sikio. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nimelima miaka thelathini, lakini niliangalia mara moja tu na nikamhukumu mtu. Wewe uliangalia, ukahesabu, ukarudi kuangalia tena. Hilo nimejifunza kwako. Na wewe jifunze hili kwangu: shamba halifichi. Ukichoma juu, litakujibu chini. Ukinyamaza leo, litasema kesho, tena mbele za watu. Kosa lako lilikuwa moto wa siku moja. Kimya chako ndicho kilichotaka kuunguza ujirani."

"Ningesema mapema, Baba, ungenichapa?"

Mzee Jasinto alifikiri. "Ningekuchapa," alikiri. "Na mimi pia nitaliangalia hilo."

Kisha akamsogezea sufuria ya majivu. "Haya, jipake tena. Kazi bado."