Kichupa cha Kumi na Saba

"Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na nane."

Inspekta Safina Yunus alinyamaza. "Kirudishe, Daktari. Tuanze upya."

"Tumeshahesabu mara mbili."

"Ya tatu ndiyo nitakayoiandika."

Dakta Immakulata alikizamisha kishikio cha chuma ndani ya mtungi. Moshi mweupe wa nitrojeni ulifuka, ukamwagika hadi sakafuni. Akasubiri kidogo, glavu nene zimemfika viwikoni, kisha akakiinua tena kwa sekunde chache huku Safina akisoma namba. Vichupa vilipaswa kuwa ishirini na vinne. Vilikuwa ishirini na vitatu. Kila kimoja kilibeba kipande cha nyama ya paja la mzee mmoja wa Nshamba, kidogo kama punje ya mchele. Cha kumi na saba hakikuwemo.

Kituo cha utafiti kilikuwa Rwamishenye, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya kuishi watu. Madirisha yalikuwa mazima. Kufuli lilikuwa zima. Kompyuta mbili zilikaa mezani, hazijaguswa.

Koplo Josia, dereva wa Safina, aliinuka kutoka kwenye kiti huku akishikilia goti. "Afande, mwizi gani anaacha kompyuta anaiba nyama isiyotosha hata mshikaki mmoja?"

"Anayejua anachokitaka," alisema Safina. "Daktari, usikirudishe. Hapo juu pana nini?"

Kwenye mpini wa kishikio kulikuwa na kitu kimeganda, chembamba kama ganda la kitunguu. Safina alikisogelea mpaka baridi ikamchoma pua.

"Ngozi," alisema. "Ninyi hushika hapa bila glavu?"

"Hakuna anayeshika mara mbili, Inspekta. Baridi hii inaunguza kama moto. Kidole kinaganda kwenye chuma, ukikivuta ngozi inabaki."

Safina aliibandua ngozi ile kwa kibanio, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika saa na tarehe. Mwizi hakufundishwa kazi ya chumba hiki. Na popote alipo, vidole vilikuwa vinamuuma.

Fundi wa maabara aliitwa Abel. Aliletwa kwenye chumba cha mikutano.

"Mikono yako."

Abel aliiweka mezani. Ilikuwa safi, haina hata mchubuko.

"Jana nani aliingia chumba cha mtungi?"

"Mimi na Daktari."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

Safina aliliandika neno hilo taratibu, herufi moja moja. Hakuinua macho. Aliiacha kalamu juu ya karatasi kana kwamba sentensi haijaisha.

"Afande," alisema Abel, "jana wazee walikuja kwa kipimo cha mwisho. Kushika kwa nguvu, kukaa na kusimama kitini. Mzee mmoja aliomba aone mahali nyama yao inapolala."

"Jina."

"Mzee Ndyamukama. Aliniambia, 'Mjukuu wangu, kitu kimetoka mwilini mwetu, halafu sisi wenyewe tusikione?' Ana miaka themanini na sita. Ningemwambiaje hapana?"

"Ukamfungulia."

"Nikamfungulia. Nikamwonyesha na namba, maana kila mzee anaijua yake. Halafu nikaitwa kubeba viti. Dakika tano tu. Niliporudi alikuwa nje kwenye benchi, mkono ndani ya koti."

"Yeye ni namba kumi na saba?"

"Hapana, afande. Yeye ni tisa."

Hapo Safina aliweka kalamu chini. Mtu aibe nyama yake, angeelewa. Labda kaonea aibu udhaifu wake, labda kabadili mawazo. Lakini nyama ya mwenziwe?

Alimrudia daktari. "Namba kumi na saba ni nani?"

"Majina ni siri ya washiriki."

"Basi niambie nyama yenyewe. Ilikuwa mbovu?"

"Mbovu!" Uso wa Dakta Immakulata ulichangamka ghafla. "Miaka yangu yote ya kazi hii, sijaona paja la mwanamke wa miaka themanini na moja lenye nyama kama ile."

"Mwanamke," alirudia Safina. "Wako wangapi kwenye utafiti wako?"

Daktari alitambua amekwisha kusema zaidi ya alivyokusudia. "Wanne," alijibu. Akachukua chupa ndogo ya nitrojeni, akaikumbatia kifuani. "Nakwenda nanyi Nshamba. Kama bado ina ubaridi, huenda nikaokoa chochote."

Walipita Muleba kwanza, wakaripoti kituo cha polisi cha wilaya kama utaratibu unavyotaka. Katika barabara ya Nshamba, baina ya mibuni na migomba, daktari alieleza.

"Misuli inaanza kutuacha tukiwa bado vijana, Inspekta. Kidogo kidogo. Ukifika miaka themanini, nyuzi zile za nguvu za ghafla, za kukuinua kitini au kukuzuia usianguke, nyingi zimekwenda. Lakini kando ya nyuzi hizo zinalala seli za akiba. Misuli ikifanyishwa kazi ngumu, zinaamka, zinakarabati. Kwa wazee wengi zinalala usingizi wa moja kwa moja. Kwa wakandaji ndizi wa Nshamba bado zinaamka."

"Wakandaji wa pombe ya rubisi?" aliuliza Josia.

"Haohao. Mtu anakanyaga ndizi mbivu na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti saa tatu nzima, tangu ujana mpaka uzee. Kati ya wazee wangu ishirini na wanne, kumi na wawili ni wakandaji. Mapaja yao ni ya watu wa miaka hamsini."

"Daktari, mimi nina hamsini na nane na magoti yangu ni ya themanini. Nije nikanyage?"

"Njoo, Koplo. Utaanza kwa kuinuka kitini bila kujishika."

Safina hakucheka. "Na kumi na saba?"

Daktari alishusha sauti. "Hilo ndilo fumbo. Wakosoaji wangu wanasema ni damu tu, ni koo za watu wenye nguvu, baba kwa mwana. Kumi na saba ni mwanamke, ameolewa hapa kutoka ukoo mwingine, na ana nyama ya mkandaji. Nilimuuliza anafanya kazi gani. Akacheka, akasema analima. Nikawaambia wote nyumbani kwake kwamba Jumamosi, kwenye mkutano wa kuwasomea watu wa Nshamba matokeo, nitamwomba mwanamke huyo asimame atueleze. Bila nyama ile sina ushahidi."

"Nyumbani kwake," alisema Safina, "mwenye mji ni nani?"

Daktari aligeukia migomba. "Mzee Ndyamukama," alisema. "Kumi na saba ni mkewe."

Mji wa mzee ulikuwa katikati ya kibanja kilichopaliliwa vizuri, matandazo mapya chini ya kila mgomba. Mzee alitoka mlangoni na fimbo, kanzu nyeupe, koti jeusi. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imepinda, lakini kichwa alikishika juu. Safina aliinama akamsalimu kwa Kihaya, na mzee akaitika kwa furaha ya mtu anayependa kuona adabu.

"Karibuni, waitu. Nyumba haina mgeni wa kusimama."

Waliketi. Mzee akachukua kisonzo, kikapu kidogo chenye kahawa, zile buni za kutafuna ambazo hakuna mgeni wa Kihaya anayenyimwa. Akamnyooshea Safina.

Kwa mkono wa kushoto.

Katika nyumba kama ile, hata mtoto wa miaka mitatu angezabwa kofi kwa kumpa mgeni kahawa kwa kushoto. Mzee mwenyewe alijua. Aibu ilimpanda usoni. Mkono wa kulia ulibaki ndani ya koti.

Safina alipokea kwa mikono miwili, akatafuna buni moja, akashukuru.

"Tata," alisema polepole, akimwita baba kwa Kihaya, "vidole vinauma sana?"

Mzee aliuzamisha mkono zaidi ndani ya koti.

"Daktari anayo dawa ya kuungua. Lakini kwanza nikuonye kisheria. Nakuhoji kuhusu wizi. Una haki ya kukaa kimya. Utakachosema kinaweza kuwa ushahidi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu." Mzee alitoa mkono. Kidole gumba na cha shahada vilivimba malengelenge, ngozi imechunika. "Nilidhani ni baridi kama ya barafu. Kumbe ni moto wa namna nyingine."

"Kichupa kiko wapi?"

"Nimekizika. Kwenye kibanja, chini ya mgomba wa kwanza nilioupanda nilipomwoa. Ni mwili wa mke wangu. Ningeutupa wapi?"

Dakta Immakulata alifumba macho. Chupa ya nitrojeni aliiweka sakafuni.

"Kwa nini, tata?" aliuliza Safina.

"Wanawake ni wanne tu katika hesabu ya Daktari. Watatu wanatembea na fimbo. Akisimama Jumamosi aseme yupo mwanamke mwenye mapaja ya mkandaji, Nshamba nzima itageuka kututazama." Alipangusa midomo. "Mwanamke haingii kwenye mtumbwi wa rubisi. Tumezaliwa tukaambiwa, akikanyaga yeye rubisi haiivi. Miaka ishirini na sita iliyopita nilianguka na pikipiki, nyonga ikavunjika. Na rubisi ya mji huu ndiyo inayopelekwa kwenye posa, kwenye harusi, kwenye matanga. Baba yangu aliikanda, na babu. Ningesema nini? Kwamba imeishia kwangu?"

"Ukamwambia yeye akande."

"Hakuniambia." Sauti ilitoka uani. "Niliingia mwenyewe."

Bibi Gaudensia, mke wa mzee, alisimama mlangoni. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, kanga imefungwa juu ya magoti, na miguu yake ilikuwa imelowa maji matamu ya ndizi na vipande vya nyasi mpaka kwenye mapaja. Alikuwa ametoka kazini.

"Mama Mwesiga, rudi ndani," alisema mzee.

"Nirudi ndani ya nini? Umeniambia umeungua kwa chungu. Kumbe umekwenda kuniiba!" Alimgeukia Safina. "Mwanangu, mimi hukanda kibandani, mlango umefungwa. Nikimaliza, yeye anakaa nje kwenye kigoda, watu wanapita wanamwambia, 'Kazi nzuri, mzee!' Miaka ishirini na sita. Imeiva kila mara. Wakaoana kwa hiyo, wakazikana kwa hiyo. Aliyesema haiivi aje anionyeshe iliyoharibika."

"Nilikuwa nakulinda," mzee alisema chini chini.

"Ulikuwa unajilinda. Mimi Daktari aliposema kuhusu nyama yangu, nilikosa usingizi kwa furaha. Nilikuwa nasubiri Jumamosi kama harusi."

Mzee alitazama miguu ile, akasema, kama anayekiri kosa jingine lililo kubwa zaidi, "Hata mimi sijawahi kukanda vizuri kama wewe."

"Hilo andika," bibi alimwambia Safina.

Safina aliandika.

Mzee mwenyewe aliwaonyesha mgomba. Josia alichimba, akatoa kichupa kikiwa na namba yake, kizibo hakijafunguka. Daktari alikiangalia dhidi ya mwanga, akatikisa kichwa. "Seli zimekufa."

"Kitu gani kimekufa?" Bibi Gaudensia alijipiga paja, likalia kama ngoma. "Paja hili hapa. Kata tena."

Daktari alimtazama, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. "Bibi, nikikata, utapumzika siku kadhaa bila kukanyaga."

"Basi leo hapana. Njoo kesho saa tatu. Leo nina mtumbwi nusu."

Safina alikaa kwenye kigoda, jalada juu ya goti. Wizi ulikuwa wizi, na mkuu wake ndiye angeamua pamoja na mwendesha mashtaka. Daktari alisema angekuwa wa kwanza kuomba shauri limalizwe kwa upole. Safina hakuahidi. Aliandika ukurasa mmoja wa maelezo ya onyo, lakini kidole cha mzee hakikuweza kushika kalamu wala kupiga dole gumba kabla ya kufungwa dawa.

"Tata, kesho saa nne utakuja kituo cha Muleba tumalizie. Nani atakudhamini?"

"Mimi," alisema bibi, tayari amekwisha kuupa mgongo umati mdogo wa majirani uliokusanyika kwenye njia. Aliingia kwenye kibanda cha kukandia. Mlango aliuacha wazi. Alipanda mtumbwini, akashika mti uliolazwa juu, akaanza kukanyaga: kulia, kushoto, kulia, ndizi zikilia chini ya nyayo zake. Jirani mmoja, mzee mkandaji wa upande wa pili wa barabara, alisogea, akatazama mwendo wa magoti yale, akavua kofia.

Pembeni ya kibanda kulibaki rundo jingine la ndizi mbivu, limefunikwa majani, halijaguswa.

"Na zile?" aliuliza Safina.

Bibi hakusimama. Alipaza sauti ili wa mbali nao wasikie.

"Zile ni za kesho. Mimi nitakaa kitini na paja langu, nikielekeza. Baba Mwesiga! Waambie wakaza wanangu waje wameosha miguu."