Nyongeza Siitaki

"Nyongeza siitaki, Mama! Nimesema siitaki! Ile ya mwanzo ilinitosha, mpaka leo inanijia ndotoni!"

Nesi alisimama mlangoni pa chumba cha dawa, kikombe cha chai mkononi. Fundi alikuwa amelala chali nyuma ya friji ya chanjo, miguu tu ndiyo iliyoonekana, simu sikioni.

"Wewe ni mama mkwe wangu, nakuheshimu. Lakini habari za nyongeza zisifike tena nyumbani kwangu. Mtoto ana mimi. Basi!"

Chai ikamwagika kidoleni. Nesi hakusikia moto. Akakiweka kikombe sakafuni, karibu na viatu vya Fundi, akaondoka kwa ncha za vidole.

Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu Fundi amwambie, "Nitakupeleka kwa mama wa marehemu mke wangu. Yule akikubali, mambo yamekwisha." Na pale kliniki, kwenye benchi la akina mama, Nesi alishawahi kusikia wakinong'onezana: "Ndiye huyo, nyongeza ya Fundi."

Sasa hata yeye mwenyewe kasema. Tena kasema *siitaki*. Hata *simtaki* hakustahili. Ametajwa kama kiti kilicholetwa nyumba isiyo sahihi.

Mchana akaandika ujumbe: "Friji ikipona usirudi."

Jibu likaja hapo hapo: "Nimekosa nini? Chai nimeikuta imepoa."

Simu ikaita mara tatu. Hakupokea.

Lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na jambo jingine la zamani, nalo lilimwambia: stahili yako. Miaka mitano nyuma, Nesi akiwa mgeni kazini, siku yake ya kumi na mbili, daftari la zamu lilimpanga wodi ya wagonjwa wa korona. Kwa hofu alishindwa hata kufunga barakoa. Muuguzi mmoja mcheshi akamnyang'anya kalamu, akakata jina lake, akaandika la kwake juu.

"Nitakwenda mimi. Wewe nishikie zamu yangu ya Jumapili."

Wiki mbili hazikuisha, yule mcheshi akalazwa wodi ile ile. Hakutoka. Alikuwa mke wa Fundi. Fundi hakuwahi kuambiwa habari ya zamu. Nesi alikuwa akila naye, akicheka naye, na kila akifumba macho anauona ule mstari wa kalamu juu ya jina lake.

Kesho yake asubuhi aliingia bibi mmoja mfupi, amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka sita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chanjo? Mimi ni bibi yake huyu. Daktari wa watoto kasema, kwa pumu aliyo nayo, aongezewe ile ya korona. Jana nimempigia baba yake, kanifokea kama nimemwibia kuku. Siitaki, siitaki! Tangu ile ya mwanzo, mtoto alipochemka siku moja tu, yeye anaona jeneza."

Mikono ya Nesi ikaganda juu ya meza.

"Nyongeza... ya sindano?"

"Sasa ya nini? Ya sukari?"

Nesi akacheka. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, machozi yakamtoka. Bibi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Kumbe ndiwe wewe."

"Mimi nani, Mama?"

"Mtu hacheki hivyo kwa ajili ya sindano." Akatoa fomu kwenye mkoba. "Inataka sahihi ya baba. Mimi hanisikii. Kaifuate wewe."

Mtoto, ambaye kila mtu alimwita Kijiko kwa sababu alipokuwa mdogo hakulala bila kijiko mkononi, alikuwa akibembeza miguu kwenye benchi.

"Mama yangu naye alikuwa anadunga watu," akasema. "Maneno yake yote nayajua. Aliyatuma kwenye simu ya baba alipolazwa. Sikiliza."

Akanyoosha shingo. Sauti ikabadilika, ikawa ya mtu mzima aliyechoka.

"'Baba Kijiko, kadi ya mtoto iko kwenye droo ya cherehani. Usiache tarehe ipite. Na yule mgeni wa kliniki... koh! Koh! Koh!' Mwisho."

Nesi akahisi kama kuna aliyepita nyuma yake.

"Mwisho? Hakusema tena?"

"Baba huzima hapo. Kila siku."

Mtoto alikikohoa kile kikohozi kwa ufundi, kama mstari wa wimbo. Kwake yeye, kukohoa kulikuwa neno mojawapo la mama yake.

Saa tisa Nesi alifika kwa Fundi. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba: friji zimevuliwa milango, mashine zake zikinguruma kwenye meza. Juu ya mlango wa nyumba taa ya nje ilikuwa inawaka mchana kweupe, kama siku zote. Nesi hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Umekuja kunifukuza uso kwa uso?" Fundi akasema bila kuinua kichwa.

"Nilikusikia jana. Nyongeza huitaki."

"Siitaki, ndiyo. Wewe inakuuma nini? Ni mtoto wangu."

"Nilidhani ni mimi."

Bisibisi ikasimama hewani.

"Wewe? Ningekuwa nakusema wewe si ningesema *simtaki*?"

"Mtu akidharauliwa huwa kitu."

"We mwanamke!" Akacheka, mara ya kwanza tangu jana. "Yaani nimenyimwa usingizi kwa sababu ya herufi?"

Nesi hakucheka. Akaiweka fomu juu ya friji.

"Kabla hujasaini au kuchana, nisikilize. Yule mgeni wa kliniki kwenye simu yako ni mimi."

Akasema yote: daftari, kalamu, jina lililokatwa. Alipomaliza, Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imening'inia.

"Miaka mitano," akasema taratibu. "Miaka mitano najiuliza aliipatia wapi. Nimelaumu glavu. Nimejilaumu mimi, niliyemhimiza asikose kazi. Na wewe unakunywa maji kwenye glasi zake ukijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Ungeniacha."

"Na leo siwezi kukuacha?"

"Unaweza. Lakini siwezi kumshika mtoto mkono, nimdunge, huku nimemficha kifo cha mama yake. Ule ujumbe usikilize mpaka mwisho. Kama amenishtaki, nitaomba uhamisho. Hutaniona."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Fundi akaitazama ile taa ya mlangoni.

"Ile aliiacha yeye ikiwaka, sijaizima. Nikiufikisha ujumbe mwisho, atakuwa amemaliza kusema."

Mashine zikanguruma. Kisha, kama mtu anayeshika waya asioujua kama una umeme, akaitoa simu, akabonyeza.

Droo ya cherehani. Tarehe isipite. Yule mgeni. Halafu kikohozi. Kidole cha Fundi kikanyanyuka kuzima, kikabaki juu. Kikohozi kikaenda, kikaenda, kikawa kirefu kuliko alivyowahi kukivumilia. Kisha pumzi. Kisha yule mwanamke, karibu kama yuko nyuma ya friji:

"...tulibadilishana zamu. Mimi ndiye niliyeitaka Jumapili, nikae na nyie. Asije akasikia kwa watu akajibebesha lawama. Mwambie mkono wake mwepesi. Mtoto siku zake za sindano mpeleke kwake, si kwa yule mwingine anayedunga kama anapigilia msumari. Haya, nimechoka. Zima taa ya nje, imewaka tangu juzi."

Basi. Hakukuwa na kingine.

Fundi aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti. Nesi akanyoosha mkono, hakuthubutu kumgusa.

"Nenda," Fundi akasema. "Si kwamba nakufukuza. Leo niachie mimi na yeye."

Siku tatu simu haikuita. Nesi aliandika joto la friji asubuhi na jioni, digrii tano, digrii tano, na kila akiufunga mlango wake aligundua ameinama kutazama nyuma, kama kuna miguu pale.

Ijumaa wakaja, baba na mwana. Fomu imekunjwa mara nne, ina alama ya grisi, ina sahihi.

"Naitaka," Fundi akasema.

Nesi akapangusa mkono wa mtoto kwa pamba.

"Kijiko, hesabu friji za baba."

"Moja, mbili, ta... Umeshadunga?"

"Zamani."

Fundi akatoa pumzi aliyoishikilia tangu getini. Wakakaa benchini wakingoja muda wa kumwangalia mtoto uishe.

"Homa ikija?" akauliza.

"Inaweza ikaja, siku moja hivi. Nipigie, nitakuja kukaa naye."

"Utakuja hata usipoitwa na homa?"

"Fundi..."

"Mama mkwe anakungoja Jumapili. Anasema ulicheka vizuri. Nakutaka. Umesikia herufi zote?"

"Nimesikia." Akakipangusa kidole cha Fundi chenye grisi kwa pamba nyingine. "Nitakuja. Ile Jumapili nilimshikia. Hii ni yangu."

Kijiko alikuwa hawajali. Alinyoosha shingo, akaanza, kama kila siku:

"'Kadi ya mtoto iko kwenye droo ya cherehani. Na yule mgeni wa kliniki...'"

Nesi na Fundi wakangoja kikohozi. Hakikuja.

"'...mkono wake mwepesi. Haya, nimechoka. Zima taa ya nje.'"



"Nimezima," Fundi akajibu.