Alichokiona Mackrine Kibanjani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mackrine alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamfuata babu yake kibanjani kukusanya majani makavu. Kazi hiyo ya mwisho hakuwahi kuilalamikia. Kibanja hicho cha babu, Mzee Placidius, kilikuwa shamba la migomba lililojulikana Igurwa yote. Mikungu ilikuwa mizito mpaka migomba ikategemezwa kwa miti, na watu walikuja hata kutoka Nkwenda kuomba machipukizi ya kupanda. Mzee aliwagawia bure. Mackrine aliamini hakuna jambo la migomba ambalo babu yake halijui, na hata watu wazima waliamini hivyo.

Wiki ile babu alikuwa ameahidi machipukizi kwa majirani kumi na wawili. Wangekuja kuyachukua Jumamosi.

Siku ya Jumatano, Mwalimu Nolasco aliingia darasa la sita na rundo la madaftari ya Kiingereza, uso umekunjamana. Alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya kutunga sentensi tano kwa neno “see”, yaani kuona.

“Mko arobaini na wawili,” alisema, “na thelathini na tisa mmeandika ‘I see a ship.’ Haya, nani amewahi kuona meli?”

Jovin akanyoosha mkono.

“Mimi, mwalimu. Niliiona kwenye kalenda ya mjomba.”

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye akashindwa kujizuia.

“Rudieni zote tano,” alisema. “Kila mtu aandike alichokiona kwa macho yake nyumbani kwao, leo jioni au kesho asubuhi. Sitaki meli, sitaki simba. Kiingereza kibovu nitakirekebisha. Uongo siwezi kuurekebisha.”

Mackrine aliinamisha kichwa, maana naye alikuwa na meli yake.

Jioni alishika daftari akaenda kibanjani. Sentensi tatu zilikuja upesi: mbuzi, moshi wa jikoni, bibi akianika buni. Kisha akamkuta babu anakata mgomba ambao majani yake yalikuwa yamelegea na ndizi zake, ingawa bado changa, zilikuwa zimeiva.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Leo unanihesabia migomba?”

“Naandika ninachokiona. Babu, mbona huu unatoa kitu cha njano kama usaha?”

“Utomvu tu huo. Mgomba nao unazeeka kama mimi.”

Babu akafuta panga kwenye jani, akahamia mgomba wa pili uliokuwa mzima, akaupogoa. Mackrine akaacha kuandika. Bwana shamba aliwahi kuja shuleni akawaambia kwamba usaha wa njano ni dalili ya mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, na kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Lakini nani amfundishe Mzee Placidius migomba? Aliandika sentensi ya nne kuhusu kuku, akaifuta. Mwishowe aliandika yale mawili aliyoyaona: usaha wa njano, na babu akikata mgomba mgonjwa kisha mzima kwa panga lile lile.

Kesho yake mwalimu alisoma daftari lake, akamwita nje.

“Hili umeliona kweli?”

“Ndiyo, mwalimu. Nilimuuliza babu, akasema ni utomvu.” Machozi yalimlengalenga. “Tafadhali, usimwambie ni mimi niliyesema.”

“Sitamwambia. Utamwambia wewe, nami nitasimama kando yako.”

Ijumaa jioni Mackrine na mwalimu walifika nyumbani pamoja na bwana shamba, Egbert. Mackrine alifungua daftari akasoma, kisha akaeleza kwa Kiswahili.

“Kwa hiyo umeniandika daftarini?” babu aliuliza.

“Nisamehe, babu. Niliogopa kibanja kitakufa.”

Babu alichukua panga, akaenda kwenye mgomba mwingine uliokuwa umeanza kulegea, akaukata, akasimama kungoja. Baada ya dakika chache matone ya njano yakajitokeza.

“Ni mnyauko, mzee,” alisema Egbert kwa upole. “Na machipukizi ya kibanja hiki yatausambaza.”

“Kesho ningeupeleka kwenye vibanja kumi na viwili,” babu alisema, akaketi chini.

Jumamosi majirani walikuja na magunia yao. Babu angeweza kusema machipukizi hayajakomaa, na hakuna ambaye angejua. Mackrine hatasahau babu alivyosimama mbele yao, ameshika kofia mkononi.

“Rudini na magunia matupu,” alisema. “Kibanja changu kinaumwa, na panga langu ndilo lililokuwa likiutembeza ugonjwa. Mjukuu wangu ameuona, mimi nikakataa kuuona.”

Watu walitazamana. Kisha Twizeyimana, jirani wa kule bondeni, akakunja gunia lake.

“Mzee, umetugawia miaka yote,” alisema. “Leo tutakung'olea migomba iliyougua. Wapi tuchimbe shimo?”

Walifanya kazi mpaka alasiri. Migomba thelathini na mmoja ilizikwa, na iliyobaki, mingi zaidi ya hiyo, ilisimama salama. Egbert aliwasha moto katikati ya kibanja, akaagiza kila panga lipite humo kwanza.

Babu alimwita Mackrine karibu na moto.

“Watu wananisifu kwa kujua migomba,” alisema, “na sifa zilinifanya niache kuichunguza. Wewe uliiangalia vizuri, ukasema kweli ingawa unanipenda na uliniogopa. Hivyo ndivyo mtu anavyookoa nyumba yake. Ukiona kosa, hata la mkubwa, liseme kwa heshima, lakini liseme.”

“Ndiyo, babu.”

Babu aliliweka panga lake motoni, akaligeuza upande wa pili, akangoja mpaka likapata moto barabara.

“Daftari liko wapi?” aliuliza. “Andika na hili. Umeliona kwa macho yako.”