Vidole Kumi vya Watu Watatu

Picha kumi na mbili ziliibwa kwenye dirisha la studio Jumapili moja mchana, mtaa mzima ukiwa umelala usingizi wa shibe. Zote! Maharusi, wahitimu, mapacha, hadi yule mtoto mnene aliyekaa ndani ya beseni kama mfalme. Kamera za maana zilikuwa pale pale mezani, mwizi hakuzigusa. Aliacha alama za vidole kwenye kioo, zimekaa vizuri kama mhuri, akayeyuka.

Miezi mitatu, kimya. Alama zile zilikuwa maabara, kwenye foleni ya kuingizwa kwenye mashine. Foleni yenyewe ilikuwa na kesi za mauaji, na mtoto wa kwenye beseni hawezi kumruka marehemu.

Zamu ya alama zile ikafika Jumatatu. Alhamisi asubuhi mwizi akapatikana, na jamani, alikuwa amejileta mwenyewe kituoni!

"Kaa, mama," alisema Inspekta.

Wenzake humwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyopenya. Mbele yake alikaa dobi, mama wa makamo, gauni limepigwa pasi likanyooka kama rula. Alikuwa amefuata hati ya kuonyesha kwamba hana rekodi ya jinai. Hospitali ilimtaka akasimamie chumba chao cha kufulia, chenye mashine sita, baada ya miaka kumi na minane ya kufua kwa mikono. Hati ifike kabla ya saa sita mchana, la sivyo kazi anapewa mwingine. Saa ya ukutani ilisema saa tatu.

"Uliiba picha?"

"Picha zipi?"

"Kumi na mbili. Za studio."

"Za nani?"

"Za watu."

"Sasa mwanangu, picha za watu nisiowajua nizifanyie nini? Nizitundike sebuleni nianze kuwapa majina?"

Konstebo aliyesimama mlangoni alikohoa ili asicheke.

"Alama ulizochukuliwa hapa wiki jana na zile za kwenye kioo ni zile zile."

"Basi vidole vyangu vinatembea bila mimi." Dobi akanyoosha mikono juu ya meza. "Haya, vifungeni. Mimi niacheni niwahi hospitali."

Inspekta alicheka. Halafu akaitazama ile mikono vizuri, kicheko kikakatika. Akaomba pedi ya wino. Akakibonyeza kidole gumba cha dobi kwenye karatasi, akakiinua.

Doa. Doa jeusi tupu, halina mstari hata wa dawa! Akajaribu cha shahada. Doa. Sabuni na dawa ya madoa zilikuwa zimekula kila kitu, vidole vikabaki laini kama mgongo wa kijiko.

Lakini kadi iliyokuwa kwenye jalada la mama huyu ilikuwa na mistari safi, unaweza kuihesabu.

"Mama, siku ile nani alikuchukua alama?"

"Yule kijana mpole wa dirisha la pili. Alijaribu mara nne, zikakataa. Akaniambia, 'Nenda kanawe, mama, mengine niachie.' Niliporudi, kadi imejaa."

Inspekta na konstebo wakatazamana.

"Waulize maabara kama kuna mwombaji mwingine aliyeangukia kesi ya studio," alisema Inspekta.

Konstebo alirudi mbio, macho yamemtoka pima. "Wawili, afande! Fundi mwashi na mama anayepara samaki. Wote alama zile zile, wote dirisha la pili. Hili ni genge!"

"Genge la watu watatu lenye vidole kumi? Wanagawana vitatu vitatu, kimoja cha akiba?"

Vilikuwa vya nani, Inspekta alishajua. Karani wa dirisha la pili! Kijana anayemkimbiza mtu hadi getini kumrudishia kalamu! Aibe mtoto wa kwenye beseni kwa lipi?

Akavuka barabara hadi studio.

"Una nakala za picha zilizoibwa?"

"Ninazo zote," alisema mpiga picha, miwani juu ya paji la uso. "Ila hakuna polisi aliyewahi kuniuliza."

Akazipanga kwenye kaunta moja moja. Ya saba ilimfanya Inspekta ajishike ukutani. Karani mwenyewe, kapiga magoti, ua la plastiki mdomoni, kakumbatia miguu ya msichana aliyevaa miwani ya jua, machozi yanamwagika hadi kwenye kola.

"Na hii uliiweka dirishani?"

"Katikati! Ndiyo kazi yangu bora. Yale machozi ni ya kweli, sikuweka maji."

"Mwenyewe hakulalamika?"

"Kila wiki. Nikamwambia, kijana, tulia, wewe ni sanaa."

"Mbona hukuwatajia polisi?"

"Waliniuliza adui yangu ni nani. Yule si adui, ni mteja."

Saa tano kasoro robo, karani aliingia ofisini kwa Inspekta. Akaiona pedi ya wino, akaiona picha. Akakaa kabla hajaambiwa.

"Nimekwisha," alisema.

"Anza na dobi."

"Afande, foleni ilikuwa imefika getini. Mtu asiye na alama anajaziwa fomu ya pekee, inapanda kwa mkuu, inarudi baada ya wiki tatu. Mwajiri gani atangoja? Watu waliolika vidole kwa kazi ndio wanaonyimwa kazi! Nikasema vyangu ni safi, ngoja niwaazime."

"Safi?"

"Ile ya studio sikuihesabu kama wizi. Niliihesabu kama kujiokoa."

Hapo yakamwagika yote. Msichana wa miwani alikuwa mchumba wake wa zamani. Karani alimpeleka studio amwombe radhi mbele ya kamera, na bado akaachwa. Baadaye karani akapata mchumba mwingine, mwalimu. Mama mkwe alikuwa anakuja kumwona, na basi lake linashusha abiria mbele ya dirisha lile lile!

"Mbona ukabeba zote?"

"Ningebeba moja, mngenijua siku hiyo hiyo."

"Na mtoto wa kwenye beseni?"

"Yuko chini ya kitanda changu na wenzake. Nimemgeuzia ukutani, afande. Ananitazama vibaya."

Inspekta alicheka hadi akajipangusa macho. Kisha akakaza uso.

"Picha zirudi leo, na mashtaka utayajibu. Lakini sikia. Umempa mama wa watu vidole vya mwizi, huku unajiona mkarimu. Na angekuja muuaji aliyelika vidole, ungemsafisha pia."

Karani akainamisha kichwa. "Sikuliwaza hilo."

"Fomu iko wapi?"

Kumbe wiki tatu zote zilikuwa za karatasi kulala mezani tu! Inspekta aliibeba mwenyewe. Chumba cha kumbukumbu walilitafuta jina la dobi na tarehe yake ya kuzaliwa. Hakuwa na kosa hata la taa ya baiskeli. Mkuu alikutwa anakunywa chai, akasimamiwa mpaka akaweka kikombe chini akasaini.

Saa sita kasoro dakika kumi. Dobi aliipokea hati kwa mikono miwili. Konstebo alishawasha gari. Kwenye korido dobi alimpita karani, katulia kwenye benchi.

"Mwanangu, moyo unao," alimwambia. "Ila siku nyingine niazime mwavuli."

Saa sita na robo simu ya mezani ikalia.

"Inspekta? Kazi nimepata! Zilibaki dakika mbili!" Nyuma yake mashine za kufulia zilinguruma. "Tatizo dogo tu. Hapa kila asubuhi mtu anaingia kwa kuweka kidole kwenye kile kidude cha mlangoni, na mimi kimenikataa mara sita."

Inspekta akavuta karatasi safi.

"Nitajie cheo cha bosi wako," alisema, "halafu sogea pembeni, wenzako wapite."